Kuwakagua wanaojitolea: cheti cha polisi, alama za vidole, kampuni binafsi au wadhamini?

mratibu_wa_jioni

Habari zenu wakuu. Naratibu programu ya jamii inayoendeshwa na watu wa kujitolea watupu: masomo ya ziada kwa watoto, kuwatembelea wazee majumbani kwao, na kundi la kugawa misaada. Kamati imekubali kwamba kuanzia msimu ujao hakuna atakayeanza bila kukaguliwa rekodi ya jinai, ila tumekwama kwenye njia. Mezani zipo nne: mtu alete mwenyewe cheti cha tabia njema cha polisi, achukuliwe alama za vidole, tulipie kampuni binafsi itafute jina lake kwenye kumbukumbu za mahakama, au ajaze tamko lake na kuleta wadhamini wawili tuwapigie simu.

Fedha ni kidogo. Mjumbe mmoja anasema kumkagua mtu anayetoa muda wake bure ni kumvunjia heshima. Mwingine anasema bila alama za vidole huo si ukaguzi. Mliopita huku naombeni mnisaidie kulinganisha.

Bi Msajili

Mratibu, kazi ya kusajili wanaojitolea nimeifanya kwa muda mrefu. Nianze na jina dhidi ya vidole, maana hapo ndipo penye mambo.

Kutafuta kwa jina kunakosea pande zote mbili. Kunaweza kumkamata asiyehusika kwa sababu tu majina yamefanana, hasa majina ya kawaida, na kunaweza kumpitisha mhusika aliyebadili jina, aliyeolewa, au ambaye karani aliandika herufi moja tofauti. Someni habari ya Soham, Uingereza. Agosti 2002 wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mtunza majengo wa shule aliyekuwa ameomba kazi kwa jina tofauti na lile alilojulikana nalo kwa polisi wa alikotoka. Uchunguzi wa Sir Michael Bichard, uliotoa ripoti 2004, ulionyesha kwamba jina lake la awali halikukaguliwa ipasavyo. Na hata kama lingekaguliwa, tuhuma kadhaa zilizowahi kuripotiwa dhidi yake hazikuwa zimetunzwa vizuri kwenye kumbukumbu. Hakuwa amehukumiwa kwa tuhuma hizo.

Kwa hiyo fomu yenu, njia yoyote mtakayochagua, iwe na nafasi ya majina yote ambayo mtu amewahi kutumia na mahali alipoishi miaka ya karibuni. Mlinganishe na kitambulisho halisi, si nakala. Mtu akiwa na majina matatu kwenye kitambulisho na mawili kwenye cheti, muulizeni siku hiyohiyo.

Alama za vidole hazidanganywi na jina, ndiyo nguvu yake. Lakini si kitu ambacho kikundi kinajifanyia. Lazima chombo cha serikali kilinganishe, na sheria imruhusu anayeomba. Marekani, kwa mfano, sheria ya ulinzi wa watoto ya 1993 ndiyo iliyoweka njia ya taasisi zinazohudumia watoto kupata ukaguzi wa FBI kupitia vyombo vya majimbo. Ulizeni kwanza kama kwenu mlango huo upo. Kama haupo, mjumbe wenu anadai kisichowezekana.

kalamu_ya_sheria

Naongeza kwenye kampuni binafsi. Zina haraka, na haraka ndiyo inayowavuta watu. Tatizo ni kwamba kampuni inaona kile tu ilichokusanya: mahakama ambazo haijazifikia hazimo, na kesi iliyofutwa inaweza kubaki kwenye hifadhi yake kama bado ipo. Mkiitumia, matokeo yake yawe sababu ya kuuliza maswali. Kumkataa mtu kwa karatasi hiyo peke yake msithubutu.

Marekani wana sheria ya 1970 iitwayo FCRA. Kabla kampuni haijatoa taarifa za mtu kwa ajili ya ajira, lazima awe ametoa idhini kwa maandishi, na kabla ya kukataliwa kwa sababu ya taarifa hizo apewe nakala ili aweze kuzipinga. Hata msipokuwa chini ya sheria ya namna hiyo, ufanyeni huo utaratibu wenu. Mtu asijue kwa kunyamaziwa kwamba amekataliwa.

Halafu mratibu, umezitaja kazi tatu kana kwamba ni moja. Anayebeba magunia mbele ya watu wengi na anayeingia nyumbani kwa bibi anayeishi peke yake hawana hatari sawa. Uingereza chombo chao, DBS, kilichoanza 2012, kina ngazi tofauti za ukaguzi, na ngazi ya juu kabisa pamoja na orodha ya waliopigwa marufuku kufanya kazi na watoto au watu wazima walio hatarini ni kwa kazi maalumu tu. Kumwombea kila mtu ngazi ya juu hairuhusiwi. Pangeni kazi kwanza, ukaguzi ufuate.

kocha_wa_vijana

Wakuu, mimi natofautiana kidogo na mkazo. Cheti kinasema mtu hajakamatwa na kuhukumiwa mpaka siku kilipotolewa, basi. Nimeona viongozi wakishapokea vyeti wanalegeza kila kitu: mtu mzima anabaki na mtoto chumba kimoja mlango umefungwa, anampa lifti peke yake, anamwandikia ujumbe usiku bila mzazi kujua. Ukiuliza unaambiwa, "Yule ana cheti."

Kwetu sheria ni watu wazima wawili kila shughuli, mlango wazi, na ujumbe wote unapita kwenye kundi ambalo wazazi wamo. Mtoto anakabidhiwa kwa aliyeandikwa daftarini tu. Shangazi akija hayumo, tunampigia mzazi, hata kama mtoto anamrukia kwa furaha. Utaratibu huu haugharimu kitu na unamzuia hata yule ambaye hajawahi kukamatwa.

Sisemi cheti kiachwe. Ila mkiwa na nguvu ya kufanya moja vizuri, anzeni na hili.

Bi Msajili

Kocha, nakubali kuhusu cheti na siku yake. Ndiyo maana kukirudia ni sehemu ya gharama. Australia, huko New South Wales na Victoria, kibali cha kufanya kazi na watoto hudumu miaka 5, na katika muda huo mwenye nacho anafuatiliwa: akishtakiwa kwa kosa linalohusika, kibali kinaweza kusimamishwa. Kwa wanaojitolea ni bure. Pasipo na mfumo wa namna hiyo, wekeni tarehe ya kurudia na mtu aahidi kwa maandishi kutoa taarifa akishtakiwa.

Na msipokee nakala iliyopigwa picha kwa simu. Aje na cheti chenyewe, mkihakiki kwa mtoaji kama ana njia ya kuhakiki.

mratibu_wa_jioni

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nina maswali mawili. Wadhamini wana maana yoyote, au kila mtu ataleta rafiki wa kumsifia? Na je, cheti kikirudi na kosa? Tuna mzee mmoja, kila mtu hapa anajua alifungwa kwa wizi ujanani, na ndiye fundi wetu bora wa kutengeneza viti na madawati.

kalamu_ya_sheria

Kuhusu huyo mzee: msiwe na kanuni ya "mwenye kosa lolote haingii". Angalieni kosa lilikuwa la aina gani, muda gani umepita, na linagusaje kazi anayoomba. Mizani hiyo ya mambo matatu inatumika Marekani kwenye ajira, nayo ilitokana na kesi ya Green dhidi ya kampuni ya reli ya Missouri Pacific, 1975. Wizi wa ujanani hauna uhusiano na kutengeneza madawati. Ungekuwa na uhusiano kama mnampa sanduku la fedha au funguo za nyumba ya mgonjwa, na hata hapo mwiteni mzungumze kwanza. Kosa la kumdhuru mtoto ni jambo jingine kabisa: huyo hapewi kazi ya watoto, hata liwe la zamani kiasi gani.

Andikeni vigezo hivyo kabla ya cheti cha kwanza kufika. Vikiandikwa baada ya jina kujulikana, mtagombana kuhusu mtu badala ya kanuni.

kocha_wa_vijana

Wadhamini wana maana wakiulizwa vizuri. Angalau mmoja awe amewahi kumsimamia mahali penye watoto au wazee, na asiwe ndugu. Ukimpigia usiulize "ni mtu mwema?", kila mtu atasema ndiyo. Uliza: "Aliondokaje kwenu? Ungemrudisha leo? Ungemwachia mtoto wako jioni nzima?" Kisha nyamaza usikilize. Kuna mdhamini aliwahi kunijibu maswali yote haraka haraka, nilipofika kwenye la kumrudisha akavuta pumzi na kusema nimuulize mwenyewe. Hilo cheti kisingenionyesha.

mratibu_wa_jioni

Basi nitapeleka hivi kwenye kamati. Wote: tamko, kitambulisho na wadhamini wawili. Masomo na wazee: juu ya hayo cheti cha polisi, kirudiwe kila baada ya miaka michache, na tuwarudishie gharama wasioimudu. Wagawaji wa misaada waishie kwenye tamko na wadhamini mradi hawaingii nyumba ya mtu. Kampuni binafsi tunaiacha. Vidole nitauliza kwanza kama tunaruhusiwa. Watu wawili na mlango wazi vinaanza wiki hii bila kungoja kitu. Na yule mjumbe anayeona ni kuvunjiana heshima, wajumbe wa kamati tutakaguliwa kwanza, yeye akiwemo.

Bi Msajili

Vizuri. Bado kitu kimoja: vyeti vitakaa wapi? Chagueni watu wawili wa kuviona, si kamati nzima, na kabati lenye ufunguo. Mwongozo wa DBS unataka taarifa za cheti zisikae kuliko zinavyohitajika, kwa kawaida si zaidi ya miezi 6. Nyie mkishaamua, andikeni tu tarehe ya cheti, namba yake na uamuzi, kisha karatasi mrudishieni mwenyewe. Na msizitume kwenye kundi la simu hata kama mnataka ushauri wa haraka.

mratibu_wa_jioni

Hilo la kundi la simu naliandika leo kwenye muhtasari. Tayari kuna mtu alikuwa ameuliza avitume huko.