Ushauri: muvi bubu ya wanunua ngozi, baba wa kijana nimtaje lini?

Mkalimani: Wakuu, heshima kwenu. Natafsiri muvi kibanda umiza. Jumamosi naonyesha ya kikauboi, bubu, ya wanunuzi wa ngozi za biva (mnyama wa majini mwenye manyoya mazito) kaskazini mwa Kanada. Kijana kalelewa kwenye kituo cha biashara ya ngozi, mama yake Mkrii (kabila la wenyeji wa kule), hajui kuwa meneja anayemtumikisha kama punda ndiye baba yake. Maneno yote nasema mimi. Nimtaje baba mapema, au mwishoni? Silali.

Bwashee: Mwishoni. Ukitaja mapema watadai hela yao.

Mzee wa Stendi: Umenikumbusha gari la sinema lilivyokuja kijijini kwetu, shuka jeupe, msimuliaji na kipaza sauti. Mke wangu nilimpatia pale.

Mama Nuru: Mwanangu, usimwite mwana haramu. Vijana wa kibandani hurudia kila unachosema. Wanunuzi wale walioa kwa mila za kule. William Connolly, mmoja wao, alimwoa Susanne, Mkrii, 1803. Baada ya miaka karibu 28 akamwacha, 1832 akaoa Mzungu. Mtoto wa Susanne alishtaki, na 1867 mahakama ya Montreal ikasema ndoa ya Kikrii ilikuwa halali.

Fundi Saa: Muvi bubu huwa na maandishi katikati. Yanasemaje?

Mkalimani: Yapo. Ya baba hayasemi wazi.

Fundi Saa: Hata mwishoni?

Mkalimani: Mwisho haupo, mkuu. Mkanda wa mwisho umepotea. Inakatika kijana kashika mkufu wa mama yake, meneja anageuka. Lakini nimeitazama mara tisa, macho ya kijana ni ya meneja yule yule. Na sauti nimesharekodi, tangazo nimebandika.

Kijana wa Buza: Chai hii. Ipotee sehemu ya mwisho tu? Katunga, anatafuta wateja.

Fundi Saa: Hapo Mkalimani anasema kweli. Mikanda ya zamani ilikuwa ya nitrati, inawaka upesi, inaoza. Maktaba ya Bunge la Marekani ilieleza 2013 kuwa karibu 70% ya filamu ndefu bubu za kule zimepotea kabisa. Chai ni kumpa mtoto baba kwa sababu ya macho.

Kijana wa Buza: Basi atume kipande.

Mkalimani: Nimetuma.

Kijana wa Buza: Nimeona, samahani mkuu. Ila yule karani anayehesabu ngozi mbona hamwondolei kijana macho?

Mkalimani: Kule enzi hizo ngozi ya biva ndiyo ilikuwa kipimo cha bei, karani lazima awe macho. Ni wa pembeni yule.

Mama Nuru: Mkufu mama alipewa na nani? Rudisha nyuma uangalie.

Mkalimani: Nimerudisha. Dakika ya 11, karani ndiye anamvisha. Lakini mama, kuvisha siyo kununua. Na sauti nimesharekodi.