Rasimu ya kiwango cha usimbaji wa video iko kwenye kura: maoni yaandikweje, na mbinu mpya ipitie wapi?

vekta_na_pikseli

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kwa wanaoijua ISO/IEC JTC 1/SC 29, ile kamati ndogo ya viwango vya picha, video na sauti, yenye JPEG na MPEG. Kamati yetu ya taifa imepokea rasimu ya kamati, yaani CD, ya sehemu mpya ya kiwango cha usimbaji wa video. Muda wa kura ni wiki 8. Tuna mambo matatu:

1. Kifungu cha kupata wastani wa vekta mbili za mwendo (namba zinazoonyesha bloku ya picha imehama kiasi gani kutoka fremu nyingine) kinasema jumla igawanywe kwa 2, kisha jibu likadiriwe kwenye namba kamili iliyo karibu. Kuna wanaosema kinatosha, kuna wanaosema ni hatari.
2. Kuna sharti la kisimbuzi, yaani programu au kifaa kinachofungua video iliyosimbwa, limeandikwa ndani ya dokezo chini ya jedwali.
3. Mwenzetu ametengeneza kichujio cha kulainisha mipaka ya bloku, anasema kinaokoa karibu asilimia 1 ya biti. Tunataka kukiweka kwenye karatasi hii hii ya maoni.

Na je, tukipiga kura ya "ndiyo, mradi mrekebishe" itakubalika?

mhariri_wa_vifungu

Mkuu, hayo mawili ya kwanza ni maoni halali ya CD. La tatu halina nafasi kwenye karatasi hiyo, nawaachia wa upande wa majaribio walieleze.

Karatasi ya maoni ni jedwali: msimbo wa nchi wa herufi mbili, namba ya mstari, kifungu, aya au mchoro, aina ya maoni, maoni yenyewe, halafu badiliko mnalopendekeza. Safu ya mwisho iacheni wazi, humo sekretarieti huandika uamuzi. Aina ni tatu tu: *ge* ya jumla, *te* ya kiufundi, *ed* ya uhariri. Kinachoua maoni mengi ni safu ya badiliko kuandikwa "kifungu kifafanuliwe". Mhariri hawezi kukisia mlichokusudia, na mkutanoni jambo hilo hupewa dakika chache tu. Andikeni sentensi kamili ambayo mhariri ataibandika kama ilivyo.

Suala la vekta ni *te*, hata kama linaonekana kuwa la maneno. Chukueni vekta mbili, −5 na 2. Jumla ni −3, nusu yake −1.5. Namba kamili iliyo karibu ni ipi? −1 na −2 ziko umbali uleule. Mhandisi mmoja atakadiria kwa kwenda mbali na sifuri apate −2. Mwingine ataandika (x + 1) >> 1, yaani ongeza 1 kwenye jumla x kisha sogeza biti kulia mara moja, apate −1. Wote wawili wametii maneno ya rasimu. Tena angalieni alama zenyewe: katika viwango vya video vya H.264 na HEVC, alama ya / hukata desimali kuelekea sifuri, kwa hiyo −3 / 2 ni −1, lakini −3 >> 1 ni −2.

Ikiwa vekta zinahesabiwa kwa robo ya pikseli, tofauti ya 1 ina maana kisimbuzi kimoja kinachota picha robo pikseli pembeni. Vekta hiyo hiyo hutumika kukisia vekta ya bloku ya jirani, na fremu iliyopotoka huwa rejea ya fremu nyingine. Kosa linarundikana hadi ifike fremu inayojitegemea.

Ukungu wa aina hii uliwahi kugharimu. Katika kiwango cha MPEG-2, badiliko kinyume la kosaini, yaani hesabu inayorudisha namba zilizosimbwa kuwa pikseli, halikufungwa kwa hesabu kamili ya biti kwa biti. Kiliwekwa kipimo cha usahihi tu. Visimbuzi viwili halali viliweza kutofautiana kidogo, ndiyo maana ikabidi kila bloku kubwa isimbwe upya bila kutegemea fremu nyingine angalau mara moja kila inapokuwa imesimbwa mara 132. H.264 ya mwaka 2003 ikaachana na hilo kwa kuandika badiliko la namba kamili tupu: kila kisimbuzi kinatoa jibu moja. Kiwango kipya hakipaswi kurudi nyuma.

Kuhusu dokezo: Maagizo ya ISO/IEC, Sehemu ya 2, hayaruhusu sharti kukaa ndani ya dokezo. Dokezo ni la kumsaidia msomaji, anaweza kuliruka na bado akahesabika ametii kiwango. Pendekezeni sentensi ihamie kwenye aya ya kawaida, na muangalie kitenzi. Kwa Kiingereza cha viwango, "shall" ni lazima, "should" ni pendekezo, "may" ni ruhusa, "can" ni uwezekano. Wengi huandika "must" wakidhani ina nguvu zaidi, kumbe hiyo imetengwa kwa masharti yanayotoka nje ya kiwango, kama vile sheria za nchi.

Kura yenye masharti haipo. Hili hubana zaidi katika hatua inayofuata, rasimu ya kiwango cha kimataifa, DIS, ya wiki 12. Kama hamuikubali rasimu, mnapiga kura ya hapana na kutoa sababu za kiufundi, na mnaweza kuandika kwamba marekebisho fulani yakikubaliwa kura itageuka kuwa ndiyo. Kura ya hapana isiyo na sababu za kiufundi haihesabiwi, na ya kujizuia pia. DIS hupita ikipata theluthi mbili ya kura za wanachama washiriki, na kura za hapana zisizidi robo ya kura zote. Ikifika rasimu ya mwisho, FDIS, wiki 8, ni ndiyo au hapana tu. Makosa ya uhariri hurekebishwa, mabadiliko ya kiufundi hayaguswi tena. Kwa hiyo kosa la vekta lisemeni sasa.

qp22_hadi_37

Nichukue la kichujio. Kabla ya chochote, jiulizeni kinakaa wapi. Kiwango cha video hufunga sintaksia ya mkondo wa biti na hatua za kusimbua. Kisimbaji, kile kinachobana video, ni huru. Kama kichujio kinafanya kazi kwenye kisimbaji pekee, hakihitaji kiwango, kitumieni hata leo. Kama kinalainisha picha baada ya kusimbuliwa na picha hiyo haitumiki tena kama rejea, kinaweza kutosha kama ujumbe wa nyongeza ndani ya mkondo, ambao kisimbuzi kina hiari ya kuufuata. Kama kiko ndani ya mzunguko, yaani picha iliyochujwa ndiyo rejea ya fremu zijazo, hapo kila kisimbuzi lazima kifanye hesabu ileile. Ni hiki cha mwisho tu kinachopaswa kupita kwenye majaribio mazito.

Kwenye CD hamtakipenyeza. Mbinu zimekwisha kuchaguliwa, na kuingiza mpya ni kurudisha kazi nyuma. Njia yake ni hati ya mchango kwenye kikundi kazi, kwa lengo la nyongeza ya kiwango au toleo lijalo. Tangu MPEG ilipogawanywa mwaka 2020, mlango ni WG 5, ambao ndio JVET, timu ya pamoja na ITU-T, kitengo cha viwango cha shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa. Kwa sauti ni WG 6, kwa michoro ya pande tatu WG 7, na picha tuli zipo WG 1, yaani JPEG.

Sasa hiyo asilimia 1. Kwa mbinu moja si ndogo, lakini haina maana mpaka ipimwe kwa masharti ya pamoja ya majaribio. Chukueni programu rejea ileile ambayo kikundi kinatumia, ongezeni kichujio chenu na swichi ya kukizima, kisha simbeni video zote zilizoorodheshwa kwa QP (kigezo cha ukali wa ubanaji) 22, 27, 32 na 37. Msichague zile zinazowapendeza. Kosa la kawaida ni kuleta matokeo ya video za 832×480 na 416×240 kwa sababu zinamalizika haraka, huku za 1920×1080 na 3840×2160 zikiachwa. Mipaka ya bloku haionekani sawa kwenye saizi hizo, na faida huweza kuyeyuka. Kutokana na alama nne za kila video mnakokotoa BD-rate: −1 ina maana ubora uleule kwa biti pungufu asilimia 1. Wekeni pembeni yake muda wa kusimba na wa kusimbua kama asilimia ya programu rejea. Faida ya asilimia 1 inayoongeza muda wa kusimbua kwa asilimia 3 inaweza kukubalika. Ikiongeza kwa asilimia 40, tegemeeni maswali magumu.

Halafu mhakiki. Mtafuteni mtu wa taasisi nyingine kabla ya mkutano, mpeni msimbo wa programu, si faili iliyokwisha kukusanywa (compiled). Anausoma, anaukusanya kwa kompyuta yake, anaendesha majaribio, na namba zake lazima zilingane na zenu bila tofauti hata ya biti moja. Washeni MD5, yaani alama ya uhakiki, ya picha iliyosimbuliwa ndani ya mkondo. Ikitofautiana, kisimbuzi kitawaonyesha fremu ya kwanza yenye kosa. Mara nyingi chanzo ni hesabu ya desimali iliyosahaulika ndani ya kichujio: kikusanyi kimoja huipanga tofauti na kingine, jibu linahama. Badilisheni yote kuwa namba kamili na mtaje upana wa biti wa kila hatua.

Mwisho, leteni maandishi ya kiwango, si slaidi. Msomaji aweze kuandika kisimbuzi kutoka kwenye maandishi yenu bila kuona programu yenu.

mawimbi_48k

Naongeza la sauti, maana watu huhamisha mazoea ya video huko na wanaumia. Kwenye sauti hakuna namba ya kompyuta inayokubalika badala ya masikio. Kwa ubora wa kati hutumika jaribio la kusikiliza la MUSHRA, ITU-R BS.1534: msikilizaji anapata rejea inayojulikana, mifumo inayoshindana, rejea iliyofichwa, na nanga mbili, yaani nakala za rejea zilizoharibiwa makusudi kwa kukatwa masafa, moja kwa 3.5 kHz na nyingine kwa 7 kHz. Anatoa alama kutoka 0 hadi 100. Vipande vya sauti viwe vya sekunde kama 10. Atakayeipa rejea iliyofichwa chini ya 90 kwenye zaidi ya asilimia 15 ya vipande huondolewa kwenye hesabu.

Kwa dosari ndogo sana MUSHRA haifai, tumieni jaribio la BS.1116. Na sawazisheni ukubwa wa sauti ya mifumo yote kabla ya kuanza. Mfumo uliopaa kwa desibeli 1 utapendwa kwa sababu unasikika zaidi, na jaribio zima limekufa hapo.

hataza_kwanza

Mwenye kichujio ameomba hataza? Sera ya pamoja ya ISO, IEC na ITU ina fomu yenye chaguo tatu: kutoa leseni bure kwa masharti yasiyobagua, kutoa leseni kwa masharti ya haki yasiyobagua ambapo malipo yanaruhusiwa, au kukataa yote mawili. Akichagua la tatu, mbinu inayotegemea hataza hiyo haiwezi kubaki kwenye kiwango. Bei hazijadiliwi ndani ya kikundi kazi, hizo ni za wahusika wenyewe huko nje. Kama anataka hataza na bado hajaomba, aombe kabla ya kupakia hati ya mchango. Ikishafika mikononi mwa wajumbe, katika nchi nyingi upya wa uvumbuzi utakuwa mashakani.

vekta_na_pikseli

Asanteni sana. Kichujio kiko ndani ya mzunguko, na kina desimali sehemu mbili, tunazibadilisha kwanza. Kwa la vekta tumeandika hivi, safu ya badiliko: "Wastani wa kila kijenzi utakuwa (mvA + mvB + 1) >> 1." Aina *te*. Iko sawa?

mhariri_wa_vifungu

Karibu sawa. Hakikisheni kifungu cha alama za hesabu cha rasimu hiyo kinasema >> ni usogezaji wa kihesabu kwenye namba za kijazo cha mbili. Kama hakisemi, ongezeni mstari wa pili wa maoni, maana usogezaji wa kimantiki ungegeuza namba hasi kuwa chanya kubwa. Linganisheni maandishi yenu pia na programu rejea: ikiwa programu inatoa −2 kwa −5 na 2, basi maandishi yenu yatapingana nayo, na lazima mseme wazi kipi kirekebishwe, maandishi au programu. Halafu toeni mfano wa −5 na 2 kwenye safu ya maoni. Mjumbe ataukokotoa palepale kwa kalamu.