Mdogo wangu kachomwa na mwiba wa samaki, anamwagia unga wa kapsuli kidondani. Naombeni ushauri

DadaWaMakorora
Assalaam aleykum wadau. Mdogo wangu ni mvuvi, chombo chao kinashusha samaki Deep Sea hapa Tanga. Wiki iliyopita mwiba ulimwingia chini ya kidole gumba cha mguu. Sasa kidonda kimetunga usaha, kinampwita usiku kucha, na tangu jana ana mtoki. Kanunua amoksilini duka la dawa bila cheti. Asubuhi anameza moja, nyingine anaipasua na kumwagia unga wake kidondani, ndivyo wanavyofanya wenzake wote. Unga ule unasaidia kweli? Na mbona uvimbe unazidi kupanda?

MvuviSahare
Pole sana dada. Sisi tunamwaga miaka yote na watu wanapona. Avumilie tu.

NesiMstaafu
Ndugu yangu wa Sahare, wanaopona ni wale ambao mwili wao wenyewe uliwashinda wadudu. Unga ule unagandamana na majimaji, unafanya gamba juu, usaha unabaki umefungiwa chini. Amoksilini imetengenezwa ipite tumboni, iingie kwenye damu, ifike kidondani kwa ndani. Dada, mwambie aache leo hii.

Bakteria anayeongoza kwa vidonda vya usaha anaitwa Stafilokokasi. Huyu anakaa kwenye ngozi na puani kwa watu wengi bila kuwadhuru. Akipata tundu, anazaliana haraka na kutoa sumu zinazoua nyama ya jirani. Mwili unapeleka chembe nyeupe za damu zipigane naye, na usaha ni mabaki ya vita hivyo. Mtoki nao ni tezi zimevimba kwa sababu maambukizi yanapanda, kwa hiyo msiuchukulie kuwa kitu kidogo.

Dawa za jamii ya penisilini, amoksilini ikiwemo, zinamzuia bakteria asijenge ukuta wake. Ni kama kumnyang'anya fundi saruji huku maji yanasukuma ukuta kwa ndani: unapasuka. Seli zetu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana sisi hatupasuki. Lakini Stafilokokasi wengi wa leo wanatengeneza kimeng'enya kinachoikata amoksilini kabla haijafanya kazi. Kwa hao daktari huchagua nyingine, kwa mfano kloksasilini.

KijanaNgamiani
Kwa hiyo ndio usugu wenyewe huo? Nilidhani mtu ndiye anayezoea dawa.

NesiMstaafu
Hapana mwanangu, wanaozoea ni bakteria. Amoksilini inapungua kwenye damu ndani ya saa chache, ndiyo maana kwa kawaida humezwa kila baada ya saa 8. Kwa kapsuli moja ya asubuhi tu, wadudu dhaifu wanakufa, wagumu wanabaki na kuzaliana peke yao. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini London mwaka 1928, alilionya jambo hili mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Inaniuma kuona bado tunauziwa dawa hizi kama pipi.

MvuviSahare
Nimeelewa mama. Na pepopunda je? Miiba ya baharini inatisha.

NesiMstaafu
Umeuliza la maana. Bakteria wa pepopunda hupenda tundu refu lisilo na hewa, na sumu yake ikishashika neva, antibayotiki haiwezi kuing'oa. Kinga ni chanjo. Kama chanjo yake ya mwisho imepita miaka 5, kwa kidonda kama hicho watamwongezea nyingine. Pia kipande cha mwiba kikiwa bado kimo ndani, usaha hautakatika hata ameze nini. Lazima wakipasue kidonda, wakisafishe, na ikibidi waoteshe bakteria wa usaha huo maabara wajue dawa inayowaua. Akipata homa kali, au ngozi ikageuka nyeusi au kutoa malengelenge, ni dharura ya saa hiyo hiyo, maana wapo bakteria wa maji ya bahari wanaokula nyama kwa kasi sana.

DadaWaMakorora
Ahsante sana mama yangu. Kakubali, tunatafuta bajaji twende hospitali ya Bombo.

NesiMstaafu
Chukueni na zile kapsuli zilizobaki mkamwonyeshe daktari. Na kama aliwahi kutoka vipele au kubanwa pumzi baada ya penisilini, semeni kabla hajapewa dawa yoyote.