Hisabati darasa la tano: Kiswahili au Kiingereza?

Mwalimu wa Wete: Assalam alaykum. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Bara, skuli nyingi za msingi za serikali husomesha kwa Kiswahili mpaka mwisho wa elimu ya msingi. Mie nasema hapa tulikosea.

Nina watoto wanane wa twisheni barazani kwangu. Juzi niliandika 720,720 ubaoni, nikauliza kwa Kiingereza vigawo vyake, yaani namba zinazoigawa bila baki. Kimya. Nikamwaga komwe za bao. Kumi na mbili zikapangika, safu tatu za nne, mbili za sita. Kumi na tatu, kila wakijaribu zinabaki, isipokuwa wazitie zote kwenye safu moja. Binti mmoja akasema, "Hii haizai, mwalimu." Sikuwa nimemfundisha namba tasa, ile isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe! Tasa ni asiyezaa; lugha yenyewe imembeba.

Hapo tukaivunja ile kubwa: 2 ikijirudia mara nne, 3 ikijirudia mara mbili, kisha 5, 7, 11 na 13. Wakaona 7 kwa 11 kwa 13 ni 1,001, na zilizosalia zikizidishwa ni 720, ndiyo maana 720 imejirudia. Ina vigawo 240, na ndiyo namba ndogo kabisa inayogawika kwa zote kuanzia 1 mpaka 16 bila baki. 17 ikagoma, zikabaki 5. Kelele zilizopigwa pale, jirani alitoka nje kuuliza kuna nini.

Mzazi, Mwanakwerekwe: Mwalimu, raha hiyo naiona. Lakini mie nilisoma kwa Kiswahili mpaka la saba, na kidato cha kwanza nililia. Hesabu nazijua, swali silielewi. Mwanangu akifika huko na "tasa" yake, mtihani utamngoja? Wenye uwezo wanawapeleka watoto skuli za Kiingereza tangu chekechea. Wetu wabaki nyuma?

Mwalimu wa Wete: Dada yangu, machozi yako siyapuuzi, na hilo la wenye uwezo linaniuma hata mie. Ila ulilia kwa sababu Kiingereza chenyewe hukufundishwa vya kutosha. Hicho ndicho kiongezewe vipindi na walimu wanaokimudu, kisifichwe ndani ya hesabu. Siku hizi mtoto wa miaka kumi anapambana na lugha na kigawo kwa pamoja, vyote viwili vinamponyoka.

Yule binti nilimpa neno la Kiingereza la namba tasa mwisho wa kipindi, na jana alikuwa nalo bado. Tena alikuja na karatasi: ameizidisha 720,720 kwa 17, kapata 12,252,240. Akanambia, "Mwalimu, 17 imekubali, na 18 imeingia bila kuongezwa kitu."