Ushauri: Nataka kununua saa ya dhahabu ya Omega mtandaoni, nizingatie nini?

Mtoto wa Mwalimu:
Habari zenu wakuu. Baba yangu anastaafu ualimu mwezi Desemba, nami nimekusudia kumzawadia saa ya dhahabu, nyembamba, yenye mkanda wa ngozi, ya kuvaliwa na suti. Nimeona Omega ya kutia ufunguo inayosemekana ni ya mwaka 1960, ambayo mtu binafsi aliyeko Ulaya anaiuza kwa dola 900, ilhali nyingine zinazofanana nayo zinauzwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Ameandika tu kwamba ni "ya dhahabu", ameweka picha tatu za uso wa saa, na anataka fedha zitumwe moja kwa moja benki. Nipo Dar es Salaam.

Sonara Mstaafu:
Kijana wangu, neno "dhahabu" peke yake halisemi kitu, kwa sababu Omega za miaka hiyo zilikuwapo za dhahabu tupu, za chuma kilichovikwa bamba la dhahabu, na za kuchovywa. Mwombe picha za mfuniko wa nyuma, nje na ndani. Dhahabu ya karati 18 huandikwa 750, yaani sehemu 750 katika 1,000, na ya karati 14 huandikwa 585. Ukikuta "20 microns", hiyo imechovywa. Ukikuta "acier inoxydable", mfuniko ni wa chuma kisichoshika kutu. Ikiwa kasha, yaani mwili wa saa, ni la Uswisi na ni la karati 18, mhuri wa wakati huo ulikuwa kichwa cha mwanamke, Helvetia. Kichwa cha mbwa wa Saint Bernard kilianza kutumika mwaka 1995, kwa hiyo kikionekana kwenye kasha linalodaiwa kuwa la 1960, achana nalo. Usihangaike na sumaku, maana hata shaba hainaswi.

Fundi Saa:
Naongezea kwamba mashine inaweza kuwa halisi na kasha likawa la saa nyingine. Hata wakubwa hukosea: Omega Speedmaster iliyouzwa mnadani Geneva mwaka 2021 kwa zaidi ya faranga milioni 3 ilikuja kutangazwa mwaka 2023 na kampuni yenyewe kuwa imeungwa kwa vipuri vya saa mbalimbali. Kuza picha ya uso uangalie herufi. Zikiwa nene au zimepinda, uso umepakwa upya.

Bibi Forodha:
Mwanangu, usitume fedha benki kwa mtu usiyemjua. Tafuta soko linaloshikilia malipo mpaka mzigo ukufikie na uukague. Kumbuka pia kwamba VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya bei, usafirishaji, bima na ushuru wa forodha kwa pamoja, kwa hiyo dola 900 hazitabaki 900.

Mtoto wa Mwalimu:
Shikamooni wazee wangu, nashukuru. Nimemwandikia muuzaji, naye amejibu kwamba hana kifaa cha kufungulia mfuniko, ila atanipunguzia dola 150 nikilipa leo.

Sonara Mstaafu:
Marahaba. Aliombwa picha, hakuombwa punguzo. Mwambie aipeleke kwa fundi yeyote wa mtaani kwake, aufungue mfuniko, gharama ulipe wewe. Akikataa hilo, tafuta saa nyingine, Desemba bado.