Naomba ushauri: Adagio ya Schubert ichezwe kwa kasi gani?

Habari zenu wanamuziki. Sisi watano hapa Nairobi tunaandaa kwinteti (muziki wa ala tano za nyuzi) ya mtunzi Schubert ya mwaka 1828, ile yenye selo mbili. Kinachotutatiza ni sehemu ya pili, Adagio, yaani ya mwendo wa polepole. Mwanzo wake, katika ufunguo wa E meja, umetulia kabisa: sauti tatu za kati zinashikilia wimbo mrefu huku selo ya pili ikidonoa nyuzi kwa vidole. Mimi naipenda polepole sana. Mwenzetu wa fidla ya kwanza anasema wimbo utakatika pumzi. Halafu katikati inalipuka kwa F maina, na hapo kasi hutuponyoka. Je, mnahesabu mapigo 4 kwa kila kipimo, au 12? Na mkirudi E meja, mnautulizaje mkono? Aliyewahi kuicheza tafadhali anielekeze.