Meza ya 50/100 inanimaliza pole pole. Nianze kurekebisha wapi?

dala_usiku (Kisumu)
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wanaoielewa poka ya pesa taslimu. Nazungumzia Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, si ile ya "niko kadi" tunayocheza vibarazani.

Meza ni ya Ijumaa, watu 8, blaindi (madau ya lazima ya wachezaji wawili kabla ya mkono kuanza) 50/100. Naingia na 10,000. Nyumba inakata asilimia 5 ya kila poti (pesa zote zilizowekwa kwenye mkono), isizidi 300. Daftari linaonyesha saa 180 na hasara ya 64,000. Hakuna usiku mmoja mbaya wa kulaumu, ni kupungua elfu tatu leo, elfu nne wiki ijayo.

Mkono mmoja unaofanana na mingi: niko kiti cha pili kuzungumza, nina esi ya shupaza na kingi. Napandisha hadi 300. Watatu wanafuata, blaindi kubwa naye anafuata. Poti 1,550. Flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani: esi, tisa, nane, mbili kati yake ni kopa. Naweka 500, wawili wanafuata, wa mwisho ni mzee mmoja mtulivu. Karata ya nne ni saba, si kopa. Naweka 1,000, mwingine anatupa, mzee anapandisha hadi 3,500, mimi nafuata. Karata ya tano ni mbili isiyo na maana. Mzee anasukuma 5,700, sawa na zangu zote zilizobaki. Nafuata. Ana jeki na kumi.

Niangalie nini kwanza: karata ninazoanza nazo, hesabu, au niihame meza yenyewe?

mhesabu_nax (Nakuru)
Ndugu, anza na makato. Sijui poti zenu zina ukubwa gani, kwa hivyo chukua kalamu Ijumaa ijayo uandike poti 50 mfululizo, hata zile usizocheza. Tuseme wastani unatoka 2,400. Asilimia 5 ni 120. Meza ya watu 8 yenye mgawaji mzuri hutoa mikono kama 25 kwa saa, basi nyumba inachukua 3,000 kila saa. Gawa kwa viti 8: ni 375 kwa kila kiti. Zidisha kwa saa 180 upate 67,500.

Hasara yako ni 64,000. Kwa makadirio hayo, mchezaji wa kawaida wa meza yenu angepaswa kuwa amepoteza zaidi kidogo kuliko wewe. Pesa haziishii mfukoni mwa mzee, zinaondoka mezani kabisa.

Jambo la pili ni bahati. Katika mchezo huu kupanda na kushuka kwa kawaida ni kama blaindi kubwa 80 hadi 100 kwa kila mikono 100, na kunakua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mikono, hakukui moja kwa moja. Saa 180 ni mikono 4,500 hivi, yaani mafungu 45 ya mikono 100. Kipeuo cha pili cha 45 ni kama 6.7. Zidisha kwa 90, unapata takriban blaindi 600, ambazo kwenu ni 60,000. Mchezaji anayetoka sawa kabisa anaweza kujikuta chini 60,000 baada ya saa hizo bila kosa lolote, na mwenzake akawa juu 60,000 akajiona bingwa. Daftari lako bado ni fupi mno kutoa hukumu. Liendeleze, lakini ongeza safu mbili: saa uliyoanza na saa uliyoondoka, na kama ulikuwa umechoka.

karata_kakamega
Hesabu ya mhesabu_nax ni sahihi, ila naogopa itamfariji kaka kabla ya wakati wake. Makato hukatwa kwenye poti ulizoshinda. Anayeingia poti chache na kubwa, akiwa na karata nzuri, hulipa kidogo kuliko anayeingia kila mahali. Na mkono aliouandika una makosa ambayo hayana uhusiano na nyumba. Tuufungue.

Kosa la kwanza ni 300. Kwenye meza ambayo watu wanne hufuata 300, hiyo si bei, ni mlango uliofunguliwa. Esi mbili, mkono bora kuliko yote, hushinda asilimia 85 dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote. Dhidi ya wanne hushuka hadi 56 hivi. Esi na kingi huumia zaidi kwa sababu nguvu yake ni pea moja. Ukiwa wa kwanza kuingia weka 500 au 600, na ongeza 100 kwa kila aliyefuata blaindi kabla yako. Wakiendelea kufuata wanne, Ijumaa ijayo weka 700. Unatafuta wafuasi wawili, si kuwafukuza wote.

Kosa la pili, ambalo naliona ndilo lililomgharimu, ni 500 kwenye flopu. Mzee ana jeki na kumi, meza ina tisa na nane: saba yoyote au kwini yoyote inamkamilishia mfululizo. Hizo ni karata 8 kati ya 47 asizoziona, yaani asilimia 17. Sasa tazama bei aliyopewa. Poti 1,550, dau lako 500, mwenzake kafuata 500, na yeye anaongeza 500. Jumla 3,050, yeye analipa 500: asilimia 16.4. Amenunua asilimia 17 kwa bei ya 16.4. Alifuata kwa haki, na wewe ndiye uliyemuuzia. Ungeweka 1,200, mwenzake akafuata, mzee angelipa 1,200 ndani ya jumla ya 5,150, ambayo ni asilimia 23. Hapo akifuata amekosea, labda akutegemee umlipe baadaye. Flopu yenye kopa mbili na karata zinazofuatana hudai theluthi mbili ya poti au zaidi.

Kosa la tatu ni karata ya nne. Mtu mtulivu amefuata kwenye flopu, saba imeingia, kisha anapandisha mara tatu na nusu ya dau lako. Kwenye meza za kiwango hiki, kupandisha kwa karata ya nne ni nadra sana kuwa danganya toto. Ulihitaji asilimia 25 kufuata 2,500, lakini nyuma yake kulikuwa na 5,700 ambazo ulijua zinakuja. Hapo ndipo pa kutupa. Esi na kingi ni pea moja, na pea moja haistahili rundo zima la blaindi 100.

Ukifika karata ya tano hesabu ni hii. Poti 10,050, anasukuma 5,700, unalipa 5,700 kati ya jumla ya 21,450: lazima ushinde asilimia 26.6. Hesabu mikono inayokupiga. Jeki na kumi hupatikana kwa njia 16. Tisa tatu, nane tatu na saba tatu ni njia 3 kila moja, jumla 9. Esi-tisa, esi-nane, esi-saba: esi zimebaki mbili tu, moja unayo na moja iko mezani, kwa hivyo ni njia 6 kila moja, jumla 18. Tumefika 43, na bado sijagusa sita-tano. Ili kufuata kulipe, mzee lazima awe na njia 16 za uongo au za mkono dhaifu kuliko wako. Jiulize kwa dhati: katika Ijumaa zote hizo, umewahi kumwona akionyesha flashi (karata tano za ua moja) iliyokosa baada ya kusukuma zote? Kama hapana, tupa.

Karata za kuanzia nitapita haraka. Viti viwili vya kwanza: pea zote, esi-kumi hadi esi-kingi za ua moja, kingi-kwini, kingi-jeki, kwini-jeki na jeki-kumi za ua moja, pamoja na esi-kwini na esi-kingi za maua tofauti. Hiyo ni mikono 134 kati ya 1,326, asilimia 10. Kwenye kiti cha batani unaweza kufika asilimia 40 kwa sababu unazungumza mwisho. Pea ndogo zina sharti moja: hupata ya tatu kwenye flopu mara 1 kati ya 8.5. Usifuate 600 ukiwa na nne mbili kama mpinzani ana 5,000 tu mbele yake, maana hana cha kukulipa. Mimi hudai awe na mara 15 ya ninachofuata.

milimani_tulivu
Nakubaliana na karata_kakamega kuhusu 500. Naongeza upande wa pesa, maana hapo ndipo watu huumia kweli.

Viingilio 20 ndio mtaji wa chini wa kuicheza 50/100 bila hofu, yaani 200,000 zilizotengwa, zisizo za karo wala kodi ya nyumba. Kama una 60,000, cheza 10/20 au 25/50, ila uulize makato kwanza: kikomo cha 300 kikibaki vilevile kwenye 10/20 kinaweza kumeza blaindi 15 za poti moja, na meza hiyo haishindiki. Weka mtaji kwenye laini tofauti ya M-Pesa. Ukishapoteza viingilio viwili usiku mmoja, nyanyuka. Na usiingie mezani kwa Fuliza wala mkopo wa simu hata siku moja. Ukijikuta unafikiria hilo, pumzika miezi kadhaa na umwambie mtu wa karibu.

Pia hakikisha mahali hapo pana leseni. Nyumba inayokata poti bila leseni, polisi wakiingia, chipu zako ni plastiki tu.

dala_usiku (Kisumu)
Asanteni sana, hiyo ya 16.4 dhidi ya 17 imenifungua macho. Sijawahi kuona mzee akidanganya, hata mara moja. Swali la mwisho: tunachagua viti wenyewe. Kuna kijana anayepandisha karibu kila mkono. Nimkae upande gani?

karata_kakamega
Awe kulia kwako, ili azungumze kabla yako na uone amefanya nini kabla ya kuweka senti. Mzee mtulivu awe kushoto, yeye hukusumbua mara chache, na akipandisha unajua la kufanya. Kijana akipandisha 400, wewe una esi-kwini au pea ya kumi kwenda juu, pandisha tena hadi 1,300 ubaki naye peke yenu. Ukiona kiti cha kushoto kwake kinakaliwa na mwingine, mwambie mgawaji mapema kwamba unakitaka kikiwa wazi.

Na katikati ya wiki chukua mikono mitatu uliyoandika, hiyo ya Ijumaa iwe ya kwanza, uiweke kwenye Equilab, programu ya kukokotoa uwezekano wa kushinda. Mpe mzee zile njia 43, ongeza njia 5 za uongo, kisha soma asilimia yako. Itatoka kama 10. Linganisha na ile 26.6.